Maswali ya Kuacha

Alhamisi, 10 Julai
Leo ni mwezi mpevu wa walimu, sikukuu ya kuwashukuru. Wanafunzi wangu wa zamani wamekuja kama kila mwaka, safari hii kumi na mmoja, na maua na visanduku vya halua ya maziwa. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne katika shule ya wasichana hapa Nagpur, na mpaka leo wakiniona wananyoosha migongo. Nalipenda jambo hilo na sioni haya kulisema.

Sindhu Tambe wa mlango wa pili alikuwepo, maana hapitwi. Mbele ya wote akaniuliza, "Na huyu mkamwana wako, naye bado mwanafunzi?"

Ketaki alikuwa anagawa chai. Ana miaka thelathini, ni mke wa mwanangu Hrishi, na ameufanya mtihani wa kuingia shule za biashara mara mbili. Lugha anapita, mafumbo ya takwimu anapita, hesabu ndizo zinazomwangusha. Mwaka juzi aliwashinda watu sabini na mmoja katika kila mia, mwaka jana sabini na tano kamili. Shule anayoitaka haimtazami mtu aliye chini ya tisini.

Nikamjibu Sindhu kwa sauti yangu ya darasani. "Mwaka huu ndio wa mwisho. Akishindwa, vitabu vinakwenda kwa muuza makaratasi, na sisi tunaanza mazungumzo ya wajukuu."

Watu wakacheka. Ketaki hakumwaga hata tone la chai.

Wageni walipoondoka akaja akainama akagusa miguu yangu, kama walivyofanya wale kumi na mmoja. "Mama, nifundishe," akasema.

"Si umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja."

Ijumaa, 11 Julai
Mvua kutwa. Nguo hazikauki.

Jumapili, 13 Julai
Kila Jumapili asubuhi anafanya mtihani wa majaribio kwenye kompyuta, uliotayarishwa na watu wa tuisheni, na jibu linakuja papo hapo. Leo hesabu: sabini na nne. Nilikaa nyuma yake nikamwangalia anavyofanya kazi, na nilichokiona kimenisikitisha. Binti mwenye shahada anachukua karatasi kutafuta kumi na sita mara moja na robo.

"Hukufundishwa majedwali ya robo?"

"Shuleni kwetu tuliishia kumi na mbili mara kumi na mbili, Mama."

Shule za Kizungu hizo. Sisi tulikaa chini kila jioni taa ya miungu inapowashwa, tukaimba jedwali la robo, la nusu, la robo tatu, la moja na robo, la moja na nusu na la mbili na nusu, kila moja mpaka mia. Baba yangu alitusikiliza huku akichonga penseli zetu kwa kisu. Ukikosea, anaacha kuchonga. Hakuhitaji kusema neno.

Kesho tunaanza.

Jumatatu, 14 Julai
Tumeanza na la moja na robo. Moja, moja na robo. Mbili, mbili na nusu. Amefika ishirini akapotea. Baba Hrishi alipunguza sauti ya redio yake, jambo ambalo hakulifanya hata siku Hrishi alipozaliwa.

Alhamisi, 17 Julai
Amefika thelathini na mbili. Mvua.

Ijumaa, 25 Julai
Amerudi kazini amelowa chapachapa, sari imemganda miguuni. Nikamwambia apumzike leo. Akajikausha nywele, akaketi mbele ya taa, akaanza, "Moja, moja na robo."

Tulipomaliza nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza kwa miaka minne aliyoishi nyumbani kwangu. Kwa nini anaitaka shule hiyo? Ana kazi, kiwanda cha vigae ni kikubwa, na hakuna anayemnyanyasa.

"Mama, pale ofisini niliwafundisha kazi wanaume wawili," akasema. "Niliwafundisha kila kitu, mpaka namna ya kumwandikia mteja barua. Sasa wote wawili ni mabosi wangu. Nilipouliza, nikaambiwa wana shahada ya biashara na mimi sina. Basi nikasema nitaifuata."

Alilisema bila uchungu, huku akikunja taulo. Mimi ningekuwa nimekwisha kuvunja vigae vya kiwanda kizima.

Jumapili, 3 Agosti
Sabini na sita. Bila shaka ni majedwali. Nimekula halua mbili.

Sasa nimeongeza sharti langu la darasani: hakuna kuacha swali. Unaanza na la kwanza, ukimaliza unakwenda la pili. Ketaki akasema taratibu, "Mama, kule tuisheni wanasema mengine tuyaache. Maswali ishirini na mawili kwa dakika arobaini, hakuna anayeyamaliza. Na ukikosa la kuchagua wanakukata alama."

Nikamwambia kwa miaka thelathini na minne hakuna msichana aliyetoka darasani kwangu na nafasi tupu kwenye karatasi. Walioacha swali waliandika jibu lake mara hamsini.

"Sawa, Mama," akasema.

Jumapili, 10 Agosti
Sabini. Amechoka tu.

Jumapili, 17 Agosti
Sitini na sita. Alirudia tena habari ya kuacha maswali. Nikamwambia tatizo si maswali, tatizo ni kutojikaza. Akajikaza.

Jumatano, 27 Agosti
Sanamu ya mungu Ganesha imeingia nyumbani, sikukuu yake imeanza. Ketaki na mimi tumefinyanga modaki ishirini na moja, vile vitamu vyake vya unga wa mchele na nazi, na vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu siku hizi. Hrishi akachungulia jikoni akamchokoza mkewe, "Haya, modaki ishirini na moja mara moja na robo?"

"Ishirini na sita na robo," akajibu bila kuinua macho. "Na hiyo robo ndiyo yako."

Nilicheka mpaka nikalazimika kuketi. Mwezi uliopita angetafuta karatasi.

Jumapili, 7 Septemba
Sitini na tatu.

Jumapili, 14 Septemba
Sitini na moja. Mvua inanyesha bado, ukuta wa bafu umeota ukungu. Anajua zaidi na anapata pungufu. Nimefundisha wasichana wazito, wavivu na wajeuri, lakini kitu cha namna hii sijakutana nacho.

Hrishi ni mtoto asiyesema mengi, kama baba yake bila redio. Leo alinifuata kwenye roshani nikianua nguo. "Mama, Ketaki amekonda."

"Ni mtihani. Utaisha."

"Asubuhi kabla hajaanza, alirudisha chapati jikoni bila kuigusa. Mwaka jana hakuwa hivi."

Nikamwambia mwaka jana hakuwa na mwalimu. Akazichukua nguo mikononi mwangu, akaingia ndani.

Jumapili, 21 Septemba
Hamsini na nane.

Aliifunga kompyuta vizuri, akasema anakwenda kuoga. Bomba lilifunguliwa likatiririka muda mrefu bila sauti ya mtu kujimwagia maji. Mimi ni mwalimu wa wasichana. Najua binti anapofungua bomba ili asisikike.

Nilikwenda kuiangalia kompyuta. Mashine ile inaonyesha mtu alitumia dakika ngapi kwenye kila swali. La nne lilikuwa la tangi na mabomba, aina ninayoipenda kuliko zote, mabomba mawili yanajaza na moja linatoa. Alikaa nalo dakika kumi na saba na akalipata. Maswali kumi na mawili ya mwisho hakuyaona kabisa.

Moyoni nilisema angalau alilipata. Naandika hivyo nione haya nikija kusoma.

Jumatano, 24 Septemba
Leo nimeufanya mtihani mimi mwenyewe.

Ketaki alikuwa kazini. Nilimwambia Baba Hrishi aniwashie kompyuta na azime redio. "Mwalimu, una miaka sitini na minne," akasema. "Shule gani ya biashara itakutaka?" Nikamwambia anyamaze na atazame saa. Nilichukua kalamu, nikavaa miwani ya karibu. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Maswali yale ni hesabu za darasa la kumi, nyingi mno nimezisahihisha jikoni huku chapati ikiungua.

La kwanza nikalimaliza kwa utulivu, nikahakiki jibu mara mbili kama ninavyofundisha. La pili vilevile. La tatu lilikuwa la namba nzima, la kijanja, likanisumbua. Kulipita siwezi. Mimi nilipite swali? Nikalizunguka kulia, nikalizunguka kushoto. Nilikuwa namwona kila msichana niliyemwandikisha jibu mara hamsini amesimama nyuma ya kiti changu anasubiri. Nikalikamata hatimaye. Nikainua macho kwa fahari, na Baba Hrishi akasema, "Dakika ishirini na sita zimekwisha."

Sikumwamini. Nikamwambia saa yake mbovu. Akanionyesha ile ya kwenye kioo, zimebaki kumi na nne.

Hapo nikaingiwa na kitu ambacho nadhani sijakihisi tangu nikiwa msichana. Niliyasoma maneno ya swali la nne na hayakuingia. Nikalijibu, nikakosea. Nikalijibu la tano. Kisha kioo kikajifunga chenyewe, kimya, hakinijui mimi ni nani. Maswali kumi na saba sikuyaona. Manne sahihi, moja kosa, alama kumi na moja. Nimewashinda watu arobaini katika kila mia. Mimi, Nalini Bokare, niliyepewa sahani ya fedha na wilaya.

Baba Hrishi hakucheka. Ndoa ya miaka thelathini na minane, anajua lini asicheke. Alileta chai.

Nikaketi nikayafungua yale kumi na saba, sasa bila saa. Saba kati yake yalikuwa mepesi, majedwali matupu. La kumi na tisa lilikuwa moja na robo mara thelathini na sita, arobaini na tano, limekwisha, sekunde kumi. Lilikuwa linanisubiri pale mwishoni na mimi nilikuwa bado nabishana na la tatu.

Ketaki aliporudi nikamwonyesha kioo. Alikitazama, akanitazama, akakaa chini sakafuni karibu na kiti changu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia Agosti. Mara mbili."

Kweli aliniambia mara mbili, na yote nimeyaandika humu kwa mkono wangu. Nikamuuliza kwa nini basi alinitii, na yeye ndiye atakayekaa kwenye kile kiti.

"Majedwali yalikuwa yananisaidia kweli," akasema. "Nikaona mtu aliye sahihi kwa hili huenda yuko sahihi kwa lile. Halafu, Mama, ulisema huu ndio mwaka wa mwisho. Nikikaa mbele ya swali nasikia hiyo sentensi. Naona nikiliacha ndio nimeacha kila kitu."

Nimefundisha maelfu. Sikumbuki mwanafunzi aliyenibeba mgongoni mwezi mzima na nusu, huku anazama, bila kunung'unika. Nilitaka kumwambia hivyo, nikashindwa, nikamwambia chai imepoa nimpashie.

Jumatano, 1 Oktoba
Siku ya kuvisujudia vyombo vya kazi. Hrishi ameweka bisibisi zake mbele ya mungu wa kike wa elimu, Baba Hrishi redio, Ketaki saa yake ya kupimia dakika. Mimi nimeweka kalamu yangu nyekundu, kwa mara ya kwanza bila kujisifu.

Ijumaa, 3 Oktoba
Nimebuni zoezi. Nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo, natupa mawe, nabakiza punje, na mikono inajua yenyewe bila kuuliza kila punje imetoka shamba gani. Nikaitazama mikono yangu kama si yangu.

Jioni nilikata maswali ishirini na mawili ya mtihani wa zamani, kila moja kikaratasi chake, nikayamwaga kwenye ungo. "Usifanye hata moja," nikamwambia Ketaki. "Una dakika tatu. Ya sasa weka huku, ya baadaye huku, ya kuacha yarushe chini."

Mara ya kwanza alirusha chini mawili tu, tena kwa mkono mzito, akinitazama usoni kama ataadhibiwa. Nikachukua la tangi kutoka rundo la sasa, nikalitupa mwenyewe mpaka kwenye kapeti. Kuliona pale chini kuliniuma. Ketaki akacheka akaziba mdomo.

"Cheka tu," nikamwambia. "Mimi ndiye nafiwa hapa."

Jumapili, 5 Oktoba
Sabini na mbili.

Jumapili, 12 Oktoba
Sabini na tisa. Mvua imekwisha, machungwa ya kwanza sokoni, bado makali. Anauchambua ungo kwa dakika mbili sasa. Jicho lake ni kali kuliko langu. Mimi nalipenda swali kwanza, ndipo nalipima. Yeye analipima bila kulipenda. Hicho sikumfundisha, alikuja nacho, na nilikuwa mbioni kukivunja.

Jumapili, 19 Oktoba
Themanini na tatu.

Alhamisi, 23 Oktoba
Sikukuu ya taa inaishia leo. Nyumba ilijaa, karibu watu wote waliokuwepo ile siku ya walimu, na vitafunwa vya siku tatu vya Ketaki mezani. Kwa siku nzima nilikuwa nalijua nitakalofanya.

Sindhu alinirahisishia. Huku anatafuna, akasema, "Haya, Nalini, umebaki mwezi. Muuza makaratasi umeshamwambia apite?"

Wakacheka tena. Nikasimama. "Mwezi wa saba nilisema hapa kwamba mwaka huu ni wa mwisho," nikasema. "Nilikosea. Nafuta."

Hakuna aliyewahi kunisikia nikilisema neno hilo, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

"Umefuta nini?" Sindhu akauliza.

"Hilo la mwisho. Akitaka kuufanya mara ya nne, ataufanya. Akitaka ya saba, nitamchongea penseli."

"Na wajukuu?"

"Watakuja au hawatakuja. Hilo ni la Ketaki na Hrishi, si swali langu. Nimeliacha."

Sindhu akachukua kitafunwa kingine. Sikumwangalia Ketaki, ila nilisikia sahani ikiwekwa chini jikoni, na Hrishi akinyanyuka kwenda huko. Baba Hrishi akanipisha kitini kwake, kile cha karibu na redio, ambacho hamwachii mtu.

Jumapili, 2 Novemba
Themanini na sita.

Jumapili, 9 Novemba
Themanini na nne. Nilimtazama usoni. Alikuwa anamenya chungwa.

Jumapili, 16 Novemba
Themanini na nane. Asubuhi kuna baridi sasa, nimetoa shali.

Jumapili, 23 Novemba
Themanini na saba. Majaribio yamekwisha na tisini hatujaiona hata mara moja. Mimi ndiye nisiyetulia. Nilimwambia labda turudie mchanganyiko na uwiano, mizizi, na jambo moja la duara. Akaniwekea mkono begani.

"Mama, hayo ya kuacha."

Jumamosi, 29 Novemba
Nimemkataza kusoma. Aliimba la moja na robo mbele ya taa, mpaka mia moja ishirini na tano, bila kusita, akikimbilia jikoni kugeuza vitunguu kati ya sitini na sabini. Baba Hrishi aliitikia kutoka kitini. Analijua lote. Nimeolewa naye miaka yote hii na sikujua kama anajua majedwali.

Jumapili, 30 Novemba
Zamu yake ilikuwa ya mchana. Hrishi alitupeleka sote kwa gari. Langoni mlinzi wa kike akamwambia hakuna chuma wala kioo ndani, Ketaki akavua bangili zake za kijani moja moja, akanivisha mimi. Zikanibana kwenye kifundo. Akainama kugusa miguu yangu pale kwenye vumbi, watu wakipita, kisha akaingia bila kugeuka nyuma.

Kwa saa mbili nilikaa kwenye ukingo wa jiwe nje ya ule ukuta. Wazazi walijaa, wengine wanasali, wengine wanasimulia watoto wao walivyokuwa na akili tangu wakinyonya. Mama mmoja akaniuliza, "Ni binti yako wa kwanza?" Nikasema ndiyo. Sikuona haja ya kumweleza ni mkamwana.

Nilihesabu dakika. Hesabu ndiyo sehemu ya mwisho. Nilipojua ameanza, niliona mikono yangu yenyewe inachambua, inatenga huku na huku juu ya mapaja, hakuna kitu ndani yake.

Alitoka katikati ya kundi, mrefu kuliko nilivyomkumbuka asubuhi. Hrishi akataka kumuuliza nikamkanyaga mguu.

"Nimefanya kumi na matatu," Ketaki akasema. "Nimeacha tisa."

"Tisa?"

"Tisa. Mama, na lile la tangi lilikuja. Mabomba mawili yanajaza, moja linatoa. La sita."

Miezi mitano, tangi hili tumelijaza na kulimwaga pamoja. Analijua kuliko nyumba yake. "Ukafanyaje?"

"Walikuwa wamelitatiza, la saa na nusu na bomba moja linalofunguliwa baadaye. Nililitazama." Akanikazia macho. "Nikalisalimia kwa niaba yako. Nikalipita."

Nikaketi tena kwenye ule ukingo. Nilikuwa nacheka au nalia, Hrishi hakujua kipi, akaenda kununua maji. Kumwona mtu analijua jambo na bado analiacha, kwa sababu saa inakwenda na kuna mengine yanamngoja, huo ni ujasiri ambao sikuwahi kuufundisha kwa kuwa sikuwa nao. Nilimvisha bangili zake moja moja. Ya mwisho ilikataa kutoka kwenye mkono wangu mpaka tuliporudi nyumbani nikapaka sabuni.

Baada ya chakula aliandika namba moja mpaka ishirini na mbili kwenye karatasi, na pale alipoacha akaacha nafasi tupu. Akaisukuma mezani kwangu. Nilichukua kalamu nyekundu. Nafasi tupu tisa, na kwenye kila moja nikaweka vema. Ya la sita niliiandika kubwa kuliko zote.

Jumatatu, 1 Desemba
Ameenda kazini. Nimechambua mchele.

Jumapili, 14 Desemba
Hakuna mtihani Jumapili hizi na hatujui tukae wapi. Sindhu ameleta achari ya limau. Amekaa saa nzima na hakuuliza kitu. Nami nilimpa machungwa.

Jumatano, 24 Desemba
Walisema matokeo ni mwezi wa kwanza, kwa hiyo sikuwa nasubiri chochote. Jioni nilikuwa nawasha taa. Nikasikia mlango, halafu hatua, na zilikuwa za viatu. Kwa miaka minne Ketaki hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hii na viatu, seuze kuja mbele ya miungu.

"Vua viatu," nikasema bila kugeuka, kiberiti mkononi.

Hakuvua. Alikuwa anahema, amepanda ngazi mbio. "Mama," akasema. "Sabini na tano mara moja na robo?"

Nikamjibu kama nilivyomjibu baba yangu, kama ambavyo ningejibu hata usingizini. "Tisini na tatu na robo tatu."

Nikautia moto utambi. Nusu ya mtihani ni kujua swali limetoka wapi, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia, na mimi nikachelewa. Sabini na tano. Sabini na tano kamili ya mwaka jana. Kiberiti kikaniunguza kidole.

Nikageuka. Alikuwa amesimama na viatu vyake vyenye vumbi na simu mkononi, matokeo kwenye kioo chake, machozi yanamtoka bila kuyafuta, na safari hii hakufungua bomba.

"Rudia," akasema.

"Tisini na tatu na robo tatu."

"Tena, Mama."

Nilimshika, au alinishika yeye, na mafuta ya taa yakaniingia kwenye sari mpya.

Baba Hrishi alizima redio, akaita kutoka sebuleni, "Mwalimu, kuna nini huko?"

Nikaliacha swali lake.